Mawe Kwanza, Mchanga Baadaye

Simu ya Saidi ilinikuta mahali ninapokutwa siku zote, kwenye kiti changu cha kamba nyuma ya nyumba, hapa Masasi, nikiangalia jabali. Wanaonifahamu husema mimi na jabali lile tumetofautiana kitu kimoja tu, kwamba lenyewe halinywi chai. "Shikamoo, Mama Joni," alisema Saidi. "Mzee ametutoka alfajiri hii." Nikampa pole, naye akasema kwa sauti ya mtu anayejikaza: "Tunazika kesho alasiri, tunasubiri walio mbali. Na wewe usije kulia tu. Mzee aliacha neno kwamba uje na kufuli." Nilidhani kwa miaka yote hii Baba Saidi alikuwa amesahau. Nikainuka, jambo ambalo kwangu si dogo, nikaenda kupekua sanduku la vitenge, na chini kabisa, ndani ya soksi ya mwanangu, kufuli lilikuwepo, limeshika kutu, na ufunguo wake umefungwa kwa uzi mwekundu. Kwa msomaji wa mbali niseme hivi: sisi Wamakua na wao Wamakonde tunataniana, na mtani ana kazi yake msibani kama mchimba kaburi alivyo na yake. Wenzake wakilia, yeye anamsema marehemu, analizuia jeneza, anataka kukombolewa ndipo aachie. Mtu akizikwa bila mtani amezikwa kama mgeni.

Kufuli hilo nililipata mwaka niliokaa nyumbani kwa Baba Saidi, Newala, baada ya kumaliza kidato cha nne. Matokeo yangu yalikuwa ya aina ambayo mtu hayasomi mara mbili. Ruhusa ya biashara ilikuwa imetoka, wanunuzi binafsi wa korosho wameanza kupanda na malori yao, na maduka yaliyozoea kuuza chumvi na viberiti sasa yalikuwa na biskuti, redio za kaseti na mashati ya mitumba. Baba Saidi alikuwa mmoja wa wenyeji wa kwanza kuingia katika ununuzi huo. Mke mkubwa na watoto aliwaweka Tandahimba. Newala alijenga nyumba ya matofali, akaizungushia ua wa mabati marefu kuliko mtu, akaweka ghala la korosho humo humo uani, na humo ndani akamweka mke mdogo, mwanamke wa Liuli, pwani ya Ziwa Nyasa, aliyemwoa wakati akifanya biashara ya dagaa. Msimu wa kununua yeye anazunguka vijijini, mke anabaki peke yake. Basi akamwambia shangazi yangu, waliyefahamiana naye zamani: "Nitafutie msichana wa kukaa na mke wangu, lakini awe asiyependa kutoka." Shangazi hakufikiri mara mbili. Nyumbani nilikuwa na sifa hiyo tangu utoto. Wenzangu walipokwenda kupanda majabali, mimi nilibaki nikiwaangalia kutoka dirishani na kuwahesabia makosa. Baba Saidi akaongeza sharti la pili, ambalo shangazi alinieleza akicheka mpaka akashika mbavu: "Na aje na mawe."

Nilipanda Newala juu ya lori, nimekaa juu ya gunia la mawe. Abiria wenzangu walidhani ni viazi. Mmoja akaligusa, akaruka: "We binti, mnahama na mlima wenu?" Mwingine akasema Wamakua wamesikia Newala hakuna mawe, wanakuja kufungua duka. Na kweli, kule juu hakuna. Ni udongo mwekundu na mchanga tu. Kwetu Masasi jiwe ni kitu cha kujikwaa nacho, lakini kule uwandani hata mafiga ya kupikia wengi walitumia vipande vya kichuguu au matofali. Baba Saidi alinipokea langoni kwa sauti ya kusikika mtaa mzima: "Karibu, mla panya!" Nikamwamkia kwanza, maana adabu ni adabu, "Shikamoo, Baba Saidi." Alipoitikia marahaba, nikamjibu: "Tunakula wa kwenu, ndio wanene, wanashinda kwenye magunia yako." Akacheka, akanibebea gunia mwenyewe. Huo ndio ulikuwa utani wetu mpaka mwisho: hodari wa kunitukana, na hakuwahi kuniacha nibebe kitu kizito.

Katika chumba cha mapokezi, juu ya benchi la zege, palikuwa na sanduku la kioo refu kama jeneza la mtoto, alilotengenezewa na fundi wa madirisha kule Mtwara. Ndani yake yalikuwemo maji na samaki watano wadogo wakizunguka kama watu waliopoteza njia. Walikuwa mbuna, samaki wa kwenye mawe ya Ziwa Nyasa: dume moja la buluu lenye mistari myeusi, na majike manne ya rangi ya kahawia. Alikuwa amewaleta kwa madumu kwenye gari kutoka ziwani, kupitia Songea na Tunduru, na wengi walikufa njiani. Aliwaleta ili mkewe aache kulia. "Amekosa ziwa," alinieleza mbele ya mwenyewe, kama anayeeleza ugonjwa wa mbuzi. "Nikamletea ziwa." Mkewe alikuwa amesimama nyuma yake, mrefu, ameshika kitambaa, akifuta kioo ambacho hakikuwa na vumbi. Jina lake la kwao lilikuwa Lusia, la ndoa lilikuwa Halima, lakini hakuna aliyetumia hata moja. Kwetu mwanamke huitwa kwa mwanawe, na yeye hakuwa na mtoto. Basi mtaa mzima walimwita Mnyasa. Mimi nilimwita dada.

Nyumba ile niliipenda kwa siku chache. Kitanda changu kilikuwa na godoro la sufi, dirisha langu lilitazama ghala, na hapakuwa na mtu wa kuniambia nitoke nikapunge upepo. Nikajiona nimefika. Asubuhi msimamizi wa ghala alifungua lango, wakulima na wapagazi wakaingia na magunia, na sisi tukakaa ndani, kwa sababu mke wa mtu na mgeni wake hawakatizi katikati ya wanaume wanaopima korosho. Mchana walipoondoka, lango lilifungwa kwa kufuli kutoka nje, kwa sababu ya korosho. Harufu ya maganda ya korosho ilikaa kwenye shuka, kwenye nywele, kwenye ugali. Tulipika muhogo, kunde, na ming'oko, mizizi ya porini ambayo jirani yetu Mama Rashidi alitupitishia juu ya mabati kwa kamba. Kila niliposikia kufuli likibana, nilijikuta nimesimama dirishani, na nilijishangaa. Mimi ndiye mtu wa ndani. Nilikuwa ninatamani kwenda wapi? Niligundua tu kwamba uvivu wangu wa kutoka ulikuwa umejengwa juu ya mlango ulio wazi. Ukifungwa, uvivu unakuwa kitu kingine.

Samaki nao walikuwa na mambo. Umeme wa mji ulikuja jioni ukaondoka, na kile kipampu cha kutia hewa kikanyamaza nao. Mchana kutwa tulipokezana pampu ya baiskeli, mpira wake umechovywa majini, mmoja anapampu mwingine anakuna nazi. Maji yao yalitoka kwenye kisima cha maji ya mvua, na Newala maji si jambo la mchezo. Wanawake walikuwa wakiyapandisha kutoka bondeni, ndoo kichwani, mlima mrefu. Mama Rashidi alituuliza kutoka upande wa pili wa bati, kwa sauti ya taratibu ya mtu aliyechoka kuudhika: "Samaki wamekwisha kuoga? Maana sisi huku tumebakiza kunawa uso." Dada akaona aibu. Tangu siku hiyo kila tulipobadilisha maji machafu kidogo, tuliyapitisha juu ya bati kwa ndoo, Mama Rashidi akamwagilia mchicha wake, kisha mchicha huo akaturudishia, nasi tukawachemshia samaki. "Mimi na hawa samaki," alisema, "tumekuwa wakulima wa ushirika."

Jioni moja Baba Saidi alirudi kutoka vijijini, akakaa kula. Mimi nilikuwa jikoni, na mlango kati ya jikoni na chumba ulikuwa pazia tu. Nikamsikia dada akisema polepole: "Baba Saidi, mama yangu macho yanaondoka. Kila anayetoka kule ananiambia anapapasa ukuta. Naomba nikamwone, wakati na yeye bado anaweza kuniona." Nikasikia kijiko kikigonga sahani. "Msimu huu siwezi kutoka." "Basi baada ya msimu." "Baada ya msimu kuna palizi." Halafu Baba Saidi akacheka, nadhani ili kuuondoa uzito, maana hakuwa mtu katili: "Unajua nini? Hao samaki wako wakizaa, nakupeleka Liuli. Haki ya Mungu. Lakini samaki wa kwenye kioo azae wapi!" Dada hakucheka. Aliingia jikoni na sahani, akaziweka chini, akaniambia kwa kunong'ona: "Editha, hawazai kwa sababu hawana pa kujificha. Jike hawezi kukaa uwanjani dume likimfukuza. Wanataka mawe, ndiyo maana nilimwomba Baba Saidi uje nayo. Kesho tupange mawe yako."

Nikajitolea kuwa fundi. Nani mwingine? Mimi ndiye mtoto wa majabali, na tena nina cheti, hata kama cheti chenyewe hakikuwa na la kujivunia. Nilimwaga mchanga chini ya kioo, nikausawazisha kwa kiganja ukawa mzuri kama sakafu ya kanisa. Kisha nikapanga mawe namna ambayo kila mwanamke anajua haijawahi kuangusha chungu: nikachimbia matatu mchangani kama mafiga, na juu yake, mahali pa chungu, nikalaza jiwe pana. Nikarudia hivyo upande wa pili. Mawe marefu yaliyobaki niliyaegemeza kwenye kioo cha nyuma, maana niliona yanapendeza. Samaki waliingia chini ya mafiga siku hiyo hiyo. Dada alikaa mbele ya kioo mikono mapajani, na kwa mara ya kwanza nikamsikia akiimba wimbo wa kanisani, ule ule tuliouimba Masasi, kwa maneno yale yale. Baba Saidi alipopita nilimwambia: "Umeona kazi ya Wamakua?" Akainama, akatazama. "Nimeona jiko," akasema. "Mnataka kuwapika?"

Ambacho hatukukijua ni kwamba mbuna ni mchimbaji. Dume lile lilipopata nyumba likaanza kuipanua. Lilichota mchanga mdomoni, likaenda kuutema pembeni, likarudi, kutwa nzima, kama kibarua anayelipwa kwa kipimo. Tulimwona, tukamsifu. "Mwanaume anajenga," nilisema. Alasiri moja, tukiwa tunachambua kunde mle mle chumbani, tulisikia mlio mzito, kama mtu aliyeweka mtungi chini kwa hasira. Figa moja lilikuwa limezama upande, jiwe la juu limeteleza, na kule nyuma jiwe refu nalo limeburuzika kwenye kioo likakichora mstari mweupe kama wa chaki. Tulikimbilia kioo, tukakipapasa pembe zote kama watu wanaotafuta homa. Hakikupasuka. Lakini chini ya lile jiwe pana, mkia mmoja wa kahawia ulikuwa unacheza, kisha ukaacha. Lilikuwa jike kubwa kuliko yote. Dada alilitoa kwa mikono miwili. Hakunilaumu, na afadhali angenilaumu. Alikaa chini akaegemea benchi akasema: "Kama kingepasuka, Editha, maji yote haya, samaki wote, na lango limefungwa, tungewaweka wapi?" Nikatazama sufuria zetu mbili. Nikatazama dirishani, bati, na juu ya bati anga kidogo. Sikuwahi kuona nyumba ndogo kama ile.

Siku ya pili tukaanza upya, na safari hii hatukuwa na fundi, tulikuwa na watu wawili waliotishika. Samaki tuliwahamishia kwenye ndoo, mchanga wote tukauchota nje. Mimi nilisema tatizo ni mawe madogo. Yeye akasema hapana, akafumba macho, akawa anakumbuka alivyokuwa akipiga mbizi utotoni: "Kule ziwani jiwe halikai juu ya mchanga. Jiwe limekaa juu ya jiwe, mpaka chini kabisa. Mchanga umekuja baadaye, umejaza tu." Tuliposikia sentensi hiyo imetoka tulitazamana, maana ilikuwa rahisi mno. Mpira wa ndani wa tairi bovu la baiskeli tuliomba kwa Mama Rashidi, ukaja juu ya bati. Tukaupasua, tukaukwangua, tukauchemsha, tukauosha mpaka harufu ikaisha, tukautandika juu ya kioo ili jiwe lisikutane na kioo uso kwa uso. Kisha mawe makubwa kwanza, upande mpana chini, moja kwa moja juu ya mpira. Hakuna lililoegemea ukuta wa kioo. Tuliacha nafasi ya ngumi kila upande, ili hata likianguka lianguke lenyewe kwa lenyewe. Juu yake yakafuata ya wastani, kila moja likipumzika kwenye mawili au matatu, na vijia katikati vya samaki kupita. Mimi nilikuwa naweka jiwe, narudi nyuma, nainamisha kichwa kama mchora picha. "Limekaa vizuri," nasema. Dada akanikemea: "Usilitazame. Lisukume." Akaweka kiganja chake juu ya jiwe, akalisukuma huku na huku kwa nguvu za kweli. Lililotikisika tuliligeuza au tukalitoa. Tulishinda tukisukuma mawe mpaka mabega yakauma. Mwisho kabisa ndipo tukamwaga mchanga, ukajaza miguuni. Dume likarudi, likachimba kwa bidii zake zote, likafika kwenye mpira, likakwama. Jiwe halikusogea. Nililicheka samaki lile kwa roho mbaya ambayo sijawahi kuwa nayo tena.

Korosho zilipokuwa zinaelekea kuisha, jike mmoja aliacha kula. Kidevu kilimvimba, akawa anajibanza ndani ya mawe akitafuna hewa. Mimi nilikata tamaa. Mama Rashidi, aliyepanda juu ya kinu upande wake wa bati ili achungulie dirishani kwetu, alisema ni matezi. Dada alinishika mkono, akaubana mpaka ukauma: "Amebeba. Wanabeba mdomoni. Hatakula mpaka watoke." Siku zile tulitembea nyumbani kama wenye mgonjwa. Hatukugonga sufuria. Kila asubuhi dada alikisogelea kioo akaonyesha meno yake katika kitu kilichokuwa kati ya tabasamu na kilio. Na asubuhi moja walikuwa wametoka, vitu vidogo kama mbegu za bamia vyenye macho, wakiruka kutoka upenyo mmoja wa mawe hadi mwingine. Dume lilipowafuata halikuweza kupita. Vijia vilikuwa vyembamba mno kwake, vya kutosha kwao.

Baba Saidi alirudi jioni hiyo na wageni, wanunuzi wenzake, na sinia la pilau likaandaliwa. Dada alimwita jikoni, akamwonyesha kupitia pazia, akasema tu: "Wamezaa." Nilimwona uso wake. Kwanza alifurahi kabisa, kama mtoto. Kisha akakumbuka. "Eti, mke wangu," akasema akishusha sauti, "si nilikuwa nakutania?" Akampiga begani kidogo kwa upendo, akarudi kwa wageni wake. Dada alibaki amesimama na bakuli la kachumbari. Hakulia. Alinitazama mimi, akasema bila sauti, kwa midomo tu, neno lile la mawe: lisukume.

Ifahamike kwamba mimi sikuwa mtu wa kuingia katikati ya wanaume. Kanisani nilikaa benchi la nyuma ili nisisalimiwe. Lakini kulikuwa na kitu katika maneno ya Baba Saidi kilichoniwasha, na kilikuwa ni jambo la haki ya kikabila kuliko la huruma. Nilitoka jikoni na birika la kunawia, nikanawisha wageni mmoja mmoja, nikiwaamkia. Nilipofika kwa Baba Saidi, badala ya kumwagia maji nilichukua kufuli la lango, ambalo yeye akiwepo hulilaza juu ya meza pamoja na ufunguo, nikalitia kifuani ndani ya kanga. "Mtani nimekamata," nikasema. Wageni wakapiga makofi. Kitu kikikamatwa na mtani kinakombolewa, hakidaiwi kwa hasira. Baba Saidi akacheka: "Mla panya huyu! Haya, unataka nini? Kanga?" Nikakaza kanga kifuani. "Kwanza niulize, mbele ya wakubwa hawa. Wamakonde na Wanyasa ni watani?" Mgeni mmoja mnene akajibu kwa niaba yake: "Wapi na wapi!" "Na mke ni mtani wa mumewe?" "Hata!" "Basi mtani wa Baba Saidi hapa ndani ni mimi. Akitaka kutania, anitanie mimi, mgongo wangu upo. Alimwambia mkewe, kwa haki ya Mungu, samaki wakizaa atampeleka kwao akamwone mama yake anayepofuka. Samaki wamezaa, wale pale. Leo anasema ulikuwa utani. Huo utani kamtania nani? Amechukua utani wetu akautumia mahali pasipo pake. Mimi nimekuja kuudai. Kufuli hili litakombolewa kwa safari ya Liuli."

Kelele zilizotoka mle ndani zilimwamsha Mama Rashidi upande wa pili wa bati. Wageni waliinuka kwenda kuwatazama samaki, wakarudi na ushahidi. "Umepigwa, Baba Saidi! Komboa!" Yeye alicheka kwa upande mmoja wa mdomo, upande mwingine ulikuwa unapiga hesabu. Mtu akimkasirikia mtani mbele ya watu, amejivua nguo mwenyewe. Akanitazama kwa muda, na katika jicho lake niliona kitu ambacho mpaka leo nakiita heshima, ingawa inawezekana ilikuwa pilau. "Nakomboa," akasema. "Jumatatu gari linaondoka." Wakashangilia. Kisha akainua kidole: "Lakini na mimi ni mtani wako. Kwa kuwa umemkomboa yeye, wewe unabaki rehani. Utakaa na samaki mpaka arudi. Na hilo kufuli kaa nalo. Mimi nitanunua jipya. Siku yangu ya kutoka hapa kwa miguu ya watu, uje unifungie nalo, tuone nani atanikomboa."

Jumatatu dada aliondoka na kikapu kimoja. Alinikumbatia, akaninong'oneza nisiache kupampu. Nikasikia kufuli jipya likibana kutoka nje, lina mlio wa juu zaidi kuliko la zamani. Zilizofuata ndizo siku zilizonifundisha ukubwa wa nyumba. Niliongea na samaki. Nilibishana na dume. Niliwaona watoto wakikua mpaka wakawa hawapiti tena kwenye vijia vyao, wakatafuta vingine. Baba Saidi alirudi peke yake. Alikaa mbele ya kioo bila kuvua kofia. "Mama yake kamshika mkono hauachii," akasema. "Nikamwambia akae kidogo." Kisha akauliza, bila kunitazama: "Mtani, hawa wadogo wakitishwa, wanarudi mdomoni kwa mama yao?" Nikamwambia wakishakua hawarudi. Akaitikia kwa kichwa. Hakunitukana siku hiyo, nikajua ameumia. Dada hakurudi. Talaka aliipeleka Baba Saidi mwenyewe baadaye, kwa heshima, pamoja na vyombo vyake. Na mimi? Mvua zilipokwisha, ghala likiwa tupu, lango likaacha kufungwa. Naona haya kusema nilikaa wiki nzima mle ndani lango likiwa wazi, nikipampu, mpaka Mama Rashidi alipoingia mwenyewe kupitia langoni kwa mara ya kwanza, akanitazama, akasema: "Wewe binti, unasubiri ufukuzwe na nani?"

Basi jana nilipanda tena Newala, bila gunia. Sanduku la kioo liko kwenye mgahawa karibu na stendi, limejaa maandazi, na ule mstari mweupe wa chaki bado upo. Mawe yangu yako uani kwa Baba Saidi, na jana yalikuwa yamebeba sufuria za wali wa msiba. Nililisukuma moja kwa mguu, kwa mazoea. Wanaume walipoinua jeneza, nilitangulia langoni, nikaunganisha zile komeo mbili, nikatia kufuli, nikabana. "Hatoki mtu hapa!" nikasema. "Huyu alitufungia msimu mzima kwa ajili ya korosho. Zimekwenda wapi korosho? Mwacheni akae kidogo, aone bati lilivyo refu!" Waliokuwa wanalia wakacheka, na waliokuwa wanacheka wakalia, ndivyo kazi yetu inavyotakiwa kuwa. Saidi akaanza kutoa noti za ukombozi, nikazikataa. Nikawa nasubiri, hata sijui nasubiri nini. Ndipo sauti ikatoka nyuma, kwa wanawake: "Editha, mfungulie. Mimi alinifungulia."

Hakuna anayeniita Editha siku hizi. Kabla sijageuka, nilimsikia Saidi akisema: "Karibu, Mama Editha, pole na safari," na akili yangu ya kizee ikaenda kumtafuta mama yangu, aliyelala kaburini miaka mingi. Alikuwa dada. Amepinda kidogo, lakini bado mrefu kuliko wote, na pembeni yake mwanamke kijana ameshika funguo za gari. "Huyu ndiye," akaniambia. "Nilimpa jina la mtu asiyependa kutoka, nikidhani nitakaa naye. Sasa anaendesha lori mpaka Malawi. Jina lako halina nguvu." Kulikuwa na jeneza begani kwa watu, haukuwa wakati wa kukumbatiana. Niliuliza moja tu: "Mama aliwahi kukuona?" Akasema: "Aliniona. Akaiona hata mvi yangu ya kwanza."

Nikageuka kufungua. Ufunguo uliingia, haukuzunguka. Nikajaribu tena, kutu imeshika. Wabebaji wakaanza kuhema, mtu akasema Wamakua hawa bwana, wameua mara ya pili. Saidi akajaribu, akashindwa. Basi Mama Editha akaenda jikoni uani, akasogeza figa moja lililokuwa halina sufuria, akalileta kwa mikono miwili, akampa binti yake. Binti akalipiga kufuli mara moja kwa jiwe la Masasi, likaachia. Baba Saidi akatoka kwenye lango lake, na nyuma yake hakuna aliyefunga.